Jina lililozaa ndege: kisa cha neno «Liverpool»

Kila anayefuata mpira anamjua ndege wa Liverpool. Yuko kifuani mwa jezi, yuko kwenye nembo ya jiji, na wawili wa shaba wamesimama juu ya minara ya jengo la Royal Liver kando ya mto Mersey. Kwa hiyo mtu akiulizwa jina la mji huo lilitoka wapi, jibu humjia mdomoni kabla hajafikiri: palikuwa na ndege aitwaye liver, akaishi kwenye bwawa, na bwawa likaitwa kwa jina lake. Maelezo hayo ni mepesi kuyashika, lakini yamepinduka. Jina la mji lina zaidi ya miaka 800 kwenye maandishi. Jina la ndege halifikii nusu ya umri huo. Mji ndio uliomzaa ndege.

Kisa hiki kinafaa kuchambuliwa kwa kina kwa sababu kina karibu kila mtego unaomnasa mtu anayetafuta asili ya jina la mahali: tahajia ya leo inayodanganya jicho, nembo inayojifanya ushahidi, neno la kawaida linalofanana na jina, na ardhi iliyobadilika hadi kile kilichotajwa na jina hakionekani tena.

Kazi huanzia kwenye hati, na hati zipangwe kwa miaka. Jina lenyewe kwa sura yake ya leo liwekwe kando kabisa mpaka mwisho.

Cha kwanza kufunguliwa ni kitabu cha Domesday cha mwaka 1086, ile orodha kubwa ya ardhi aliyoiagiza mfalme wa Uingereza, William Mshindi. Liverpool haimo. Majirani wamo: West Derby, Toxteth, Walton, Kirkdale, Wavertree. Ukimya huo usitushe wala usitufanye tuseme mahali hapakuwepo. Domesday inaeleza kwamba West Derby ilikuwa na vitongoji 6 vilivyo chini yake bila kuvitaja majina, na wanahistoria wengi wanaamini kimojawapo ni hiki. Makarani wale walikuwa wakihesabu mapato ya mabwana, na kitongoji kilichohesabiwa ndani ya mwenzake hakikuhitaji mstari wake.

Hati ya kwanza yenye jina inatoka kati ya 1190 na 1194. Aliyeitoa ni John, mtoto wa mfalme Henry wa Pili, wakati huo bado akiwa mtawala wa Mortain na hajakalia kiti cha ufalme. Anathibitisha umiliki wa ardhi fulani, na miongoni mwa mahali palipotajwa kuna Liuerpul. Tuikague tahajia hiyo herufi kwa herufi, maana hapo ndipo wengi wanapopotea.

Katika maandishi ya enzi hizo u na v ni herufi moja. Ikikaa kati ya irabu mbili, inasomwa v. Kwa hiyo Liuer- ni Liver-, na hakuna sauti ya u ndani yake. Mwishoni tunaona -pul, na msomaji wa leo angedhani ni neno jingine tofauti na pool. Lakini makarani waliosomea Kilatini na Kifaransa cha Wanormani walikuwa na kawaida ya kuiandika o ndefu ya Waingereza kwa u. Neno ni lile lile, pol la Kiingereza cha Kale. Ukiondoa mavazi ya karani, jina la mwaka 1190 na ushei lilitamkwa karibu sana na linavyotamkwa leo. Hiyo ni bahati, kwa kuwa majina mengi ya Uingereza yamesagika kiasi kwamba sura ya kwanza na ya sasa hazitambuani.

Hata hili lilikuwa na sura nyingine mdomoni mwa watu. John Leland, aliyezunguka Uingereza katika miaka ya 1530 akiandika alichokiona, anautaja mji kwa majina mawili: Lyrpole, au kwa jina jingine Lyverpoole. Hiyo ya kwanza ni matamshi ya haraka, ile v ya katikati ikimezwa. Wawelisi, ambao walikuja mjini humo kwa wingi kutafuta kazi, wanauita Lerpwl mpaka leo. Matamshi aliyoyasikia Leland bado yanaishi katika lugha ya jirani.

Sasa maana. Sehemu ya pili ya jina haina utata, ingawa kuitafsiri kuwa bwawa kunapotosha kidogo. Pol lilitumika pia kwa mkono wa maji unaoingia nchi kavu, unaojaa maji yakijaa na kukauka maji yakipwa. Watu wa mwambao wetu wana neno lake hasa: hori. Liverpool iliitwa kwa hori.

Sehemu ya kwanza ndiyo yenye mjadala, na maelezo yanayokubaliwa na wengi yanapita mahali pasipotarajiwa. Mwanafunzi yeyote aliyejifunza Kiingereza anajua liver ni ini, na akisema jina lina ini ndani yake huchekwa. Asichekwe upesi. Kiingereza cha Kale kilikuwa na lifer, ini, ambalo f yake ya katikati ilitamkwa v, na i yake ilikuwa fupi. Kutokana nalo kulikuwa na kivumishi lifrig, kilichotumika kwa kitu kizito kilichoganda, kama damu iliyofanya mabonge. Mantiki yake anaijua yeyote aliyeshika ini bichi buchani: rangi ya kahawia iliyokolea, zito, linateleza, halitiririki. Kijerumani cha Enzi za Kati nacho kilikuwa na lebermer, bahari ya ini, ikimaanishwa bahari ya hadithi ambamo maji yameganda na jahazi haliwezi kusogea. Kwa hiyo ini limo ndani ya jina kama mfano wa uzito wa maji. Jina zima linasema: hori la maji mazito, hori la tope.

Eilert Ekwall, msomi wa Kiswidi aliyechapisha mwaka 1922 uchunguzi wake wa majina ya mahali katika Lancashire, ndiye aliyeyapa maelezo haya nguvu kubwa. Kamusi za majina ya Uingereza zilizofuata zimeyaegemea. Kuna pia jina la kulilinganisha nalo, Livermere huko Suffolk, upande wa pili wa nchi, ambalo sehemu yake ya pili, mere, ni ziwa dogo. Mahali pawili pa maji yaliyotulia, na pote pawili neno lile lile mbele. Wapo wanaolielezea Livermere kwa neno jingine, læfer, yaani matete. Kwa Liverpool njia hiyo ni ngumu zaidi, kwa sababu hati ya mwanzo kabisa ina i.

Maana iliyopatikana kitabuni haijakamilika mpaka ipelekwe kwenye ardhi. Hapa ndipo uchambuzi mwingi wa majina unapokatika, kwa kuwa mtu anayekwenda Liverpool leo hatalikuta hori. Ataona mto mpana wa Mersey na maduka. Inabidi alifuate kwa miguu mahali lilipokuwa. Aanzie Canning Place, karibu na magudi ya zamani, yaani mabwawa ya kupakulia meli, apande Paradise Street, aingie Whitechapel, atokee Old Haymarket. Njia hiyo yote ilikuwa maji. Ukiitazama kwenye ramani unaiona ikijipinda kama mkono uliokunjwa, na mji wa kwanza ulikaa kwenye mgongo wa ardhi kati ya mkono huo na Mersey. Whitechapel yenyewe zamani iliitwa Frog Lane, njia ya vyura. Mtu hahitaji ushahidi mwingi zaidi wa hali ya ardhi ile.

Tope lilitoka wapi? Pande mbili. Liverpool ina maji yanayopanda na kushuka kwa nguvu kubwa sana. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti kati ya kujaa na kupwa inazidi mita 8. Maji yakijaa yanaingia yamebeba mchanga laini na udongo wa mtoni, yanatulia ndani ya hori, na yakitulia yanaangusha mzigo wake. Yakipwa, hori linabaki uwazi wa matope. Upande wa nchi kavu kulikuwa na Moss Lake, eneo la mboji na maji yaliyotuama kwenye ardhi ya juu, ambako leo kuna majengo ya chuo kikuu. Kijito kilichotoka huko kilileta maji meusi ya mboji. Jina na ardhi vinasema kitu kimoja, na vikikubaliana hivyo mchambuzi anaweza kupumua.

Bandari huitwa kwa maji yake mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kilindini ya Mombasa imetaja kilindi, yaani kina kinachoruhusu chombo kikubwa kupita. Waliokaa kando ya lile hori la Mersey walitaja walichokanyaga.

Maelezo mengine yanayozunguka yapimwe kwa vipimo hivyo hivyo: tahajia, sauti, ardhi.

Liko la mikunga. Kiingereza kina neno elver, mtoto wa mkunga, na baadhi ya watu wamesema mji ulikuwa Elverpool, e ikahama. Mikunga mtoni ilikuwepo, hilo halina ubishi. Lakini hati za mwanzo haziandiki jina likianza na e, na neno elver lenyewe halionekani katika maandishi kabla ya karne ya 17. Haliwezi kuuita mji uliokuwa na jina karne 4 kabla yake.

Liko la mteremko. Kati ya tahajia za zamani kuna Litherpol na ndugu zake, na kaskazini ya mji kuna Litherland, jina lenye neno la Waskandinavia la mteremko. Hoja hii ina uzito kuliko ya mikunga, kwa kuwa tahajia zipo kweli. Tatizo ni mpangilio: v iko kwenye hati ya mapema zaidi na ndiyo iliyodumu. Karani aliyeijua Litherland angeweza kulivuta jina la jirani lifanane nalo. Wingi wa tahajia haushindi umri wake.

Liko pia la mwani. Laver ni mwani unaoliwa, hasa na Wawelisi. Mwani huo hushika kwenye miamba ya baharini yenye maji yanayopigapiga, wakati hori letu ni la tope na maji yaliyotulia. Irabu yake nayo haikubaliani na i ya hati. Lakini mwani tuuweke akiba, kwa sababu utarudi ukiwa mdomoni mwa ndege.

Na sasa ndege mwenyewe. Hadithi yake inavutia kuliko zote na ndiyo inayofunza zaidi.

Mwaka 1207, tarehe 28 Agosti, John, sasa akiwa mfalme, alitoa barua ya kuwaalika watu wachukue viwanja Liverpool. Alihitaji bandari ya kuelekea Ireland isiyokuwa chini ya mkono wa mtawala wa Chester. Mitaa 7 ilipimwa, na mingi ipo mpaka leo ikiwa na majina kama Castle Street, Dale Street, Water Street na Chapel Street. Mwaka 1229 mfalme Henry wa Tatu akaupa mji haki kamili zaidi. Mji wenye haki unahitaji muhuri, na muhuri wa Liverpool wa karne hiyo ulikuwa na ndege mwenye kijitawi mdomoni na utepe wenye kifupi cha jina la Yohana, ambalo kwa Kiingereza ni John.

Utepe huo ndio ufunguo. Ndege wa Mtakatifu Yohana Mwinjilisti ni tai, katika makanisa yote ya magharibi, na Yohana alikuwa msimamizi wa mfalme aliyeitwa kwa jina lake. Kijitawi wengi wanakisoma kuwa ni ule mmea wa maua ya manjano ulioupa ukoo wa Plantagenet, ukoo wa mfalme huyo, jina lake. Basi muhuri ulikuwa unamsifu mwanzilishi. Haukuwa na neno lolote kuhusu maana ya jina la mji. Ila mchongaji hakuwa hodari, na tai wake hakufanana sana na tai.

Mwaka 1644, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jeshi la Prince Rupert, kamanda wa upande wa mfalme, liliuteka mji na muhuri ukapotea. Nakala iliyochongwa mwaka 1655 ilitokana na picha ya ndege ambaye hapakuwa na mtu aliyekumbuka alikuwa nani. Shingo ikarefuka, mdomo ukanyooka, akawa kama mnandi, yule ndege mweusi mvuvi anayeanika mabawa juu ya nguzo. Minandi ipo Mersey, watu wanaiona kila siku, na jicho humalizia linachokijua.

Mwaka 1668 mtawala wa Derby aliupa mji rungu la fedha, na ndege aliyechongwa juu yake akaandikwa kuwa ni leaver. Huo ndio mwanzo unaojulikana wa ndege kuitwa kwa jina hilo. Ona jinsi ilivyotokea: kuna ndege asiyejulikana kwenye nembo ya Liverpool, na Liverpool inaanza na Liver, basi ndege ataitwa liver. Miaka 20 baadaye, mwaka 1688, Randle Holme, mwandishi wa mambo ya nembo, akamwingiza kwenye kitabu chake kama lever wa rangi ya buluu, akalihusisha jina na neno la Kijerumani la ndege tunayemwita domomwiko. Kijerumani kinamwita kwa kijiko, Kiswahili kwa mwiko, kwa sababu ya mdomo wake bapa. Ndege wa muhuri hana mdomo wa aina hiyo hata kidogo. Holme alikuwa anatafutia asili neno ambalo mji ulikuwa umelitunga tu.

Mwaka 1797 mji uliomba nembo rasmi. Wasimamizi wa nembo walimwandika ndege kuwa mnandi, na kile kijitawi cha mdomoni wakakiandika kuwa laver, mwani. Hapo mchezo wa maneno ukakamilika: ndege wa Liverpool anang'ata laver. Nembo za namna hii zinapendwa sana Uingereza. Oxford ina ng'ombe anayevuka maji, na huko fumbo linalingana na ukweli, maana jina kweli ni kivuko cha ng'ombe. Kwa Liverpool halilingani. Nembo mbili za aina moja, moja ya kweli na moja ya kubuni, na kwa kuzitazama peke yake huwezi kuzitofautisha. Ndiyo maana nembo haihesabiwi kuwa ushahidi wa asili ya jina.

Kuna kipimo kimoja zaidi, na anayeujua mji anaweza kukifanya kwa masikio. Wenyeji wanalitamka jina la mji kwa i fupi, Livapul. Ndege wao wanamwita laiva, na jengo la mwaka 1911 lenye ndege wawili wa Carl Bernard Bartels, kila mmoja karibu mita 5.5 kwa urefu, ni la Laiva. Kama ndege angekuwa mzazi wa jina, sauti yake ingeonekana kwenye jina. Haimo. Wakati huohuo wenyeji wanaitwa Liverpudlian, mchezo mwingine wa maneno ulioiondoa pool na kuweka puddle, kidimbwi. Utani huo umekaribia ukweli wa jina kuliko nembo.

Kilichobaki ni kuliuliza hori lilikwenda wapi. Bunge liliruhusu ujenzi, na kati ya 1710 na 1715 mhandisi Thomas Steers aliligeuza domo lake kuwa gudi lenye kuta za matofali na malango ya kuzuia maji. Ukubwa wake ulikuwa kama hekta 1.4, na liliweza kupokea hadi meli 100. Sababu ya kulijenga ilikuwa ile ile iliyotoa jina. Maji yanayoshuka mita 8 yanaiacha meli imelala ubavu kwenye tope, shehena ndani, hadi maji yarudi. Malango yakifungwa maji yakiwa yamejaa, meli inaelea saa zote na upakuaji unaendelea bila kungoja. Lilikuwa gudi la kwanza la biashara la aina hiyo duniani. Kupitia humo zilipita sukari, tumbaku na pamba, na meli zilizokwenda Afrika Magharibi kuchukua watu na kuwauza utumwani upande wa pili wa Atlantiki. Utajiri huo una damu, na usitajwe bila kuitaja.

Meli zilipokua, gudi likawa dogo. Lilifungwa mwaka 1826, likafukiwa, jumba la forodha likajengwa juu yake. Wachimbaji wa mambo ya kale waliliona tena mwaka 2001, na eneo la maduka la Liverpool ONE lililofunguliwa 2008 lilijengwa juu likiacha nafasi chini. Barabarani, Thomas Steers Way, kuna kidirisha cha kioo ardhini ambacho wapita njia wengi wanakikanyaga wakiwa na mifuko ya manunuzi. Anayeshuka chini na kiongozi wa ziara anaoneshwa kona ya ukuta wa Steers, matofali juu ya mwamba mwekundu, na kando yake sehemu ya sakafu ya hori lenyewe, ile iliyokuwa ikibaki wazi maji yakipwa.